Kipepeo wa Viazi Vitamu: Mtafute Kwenye Jani, Si Kwenye Bawa

Msimu wa senene ukikaribia, mwezi wa Novemba, mtu wa Bukoba hahitaji mtaalamu wa kumweleza. Anaangalia mvua, anaangalia taa za barabarani usiku, anaandaa ndoo. Lakini mwonyeshe kipepeo mdogo wa rangi ya chungwa anayeruka chinichini juu ya matuta ya viazi vitamu, umwulize ni nani huyo. Atakujibu, "Ni kipepeo." Basi. Na wiki kadhaa baadaye, marando yake yakibaki vijiti vitupu, atalaumu jua, atalaumu mbegu, pengine atamlaumu na jirani.

Kipepeo huyo ana jina. Wataalamu humwita Acraea acerata, jina alilopewa mwaka 1874 na Mwingereza William Chapman Hewitson, ingawa vitabu vipya vingine vinamweka chini ya jina la ukoo la Telchinia. Wakulima na mabwana shamba humwita kipepeo wa viazi vitamu, na hilo linatosha kwa kazi yetu. Ni mwenyeji wa Afrika. Wakulima wa Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na kusini mwa Ethiopia wanamjua kwa vipindi vyake vya ghafla: miaka kadhaa haonekani wa kutisha, kisha msimu mmoja anafumuka na kula shamba zima. Kwetu Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ambako viazi vitamu hulimwa nje ya kibanja (shamba la migomba), kule rweya, yaani kwenye mbuga za nyasi, na kwenye miteremko ya kuelekea mabondeni, ndiye kipepeo aliye rahisi kuliko wote kumfuatilia tangu yai hadi bawa. Huhitaji kufunga safari kwenda msitu wa Minziro kule Missenyi, ambako wapenzi wa vipepeo huenda kwa sababu ya mamia ya aina zilizomo. Huyu utamkuta umbali wa kutembea kwa miguu.

Wengi wanaoanza kujifunza vipepeo hukimbilia mabawa. Wanapiga picha, wanafungua kitabu, wanalinganisha madoa, wanachanganyikiwa. Kwa kipepeo huyu njia hiyo ni ndefu na imejaa mitego. Mtambue kwanza kwa mmea anaotagia na kwa utando wa watoto wake, kisha bawa lije kuwa shahidi wa mwisho.

Bawa linasema nini, na linadanganya wapi

Tuanze hata hivyo na sura yake, maana ndiyo utakayoiona kwanza. Mabawa yakiwa wazi, kutoka ncha hadi ncha hupata sentimita 3 hadi 4. Rangi ya katikati ni chungwa. Wengine wamekolea, wengine wamepauka kuelekea njano. Kingo za mabawa ni za kahawia iliyoiva hadi nyeusi, na weusi huo huzidi kwenye pembe ya juu ya bawa la mbele. Mwili ni mwembamba na tumbo ni refu kwa kipepeo wa ukubwa wake. Hana haraka. Huruka polepole, karibu na ardhi, akitua na kuinuka, na ukimsogelea hakimbii mbali.

Akitua, mhesabu miguu. Utaona minne tu. Wadudu wote wana sita, lakini katika familia yake, inayoitwa Nymphalidae, miguu miwili ya mbele imefupishwa na kukunjwa kifuani, haitumiki kutembelea. Alama hiyo itakusaidia kumtenga na vipepeo wengine wadogo wa manjano na weupe wanaopenda kukusanyika kwenye matope ya njiani, ambao husimama kwa miguu yote sita.

Utaratibu wake wa kuruka bila wasiwasi una sababu. Vipepeo wa jamii ya Acraea wana sumu mwilini. Wanatengeneza wenyewe linamarini, kitu kilekile kilichomo kwenye muhogo mchungu, ambacho kikivunjika hutoa sayanaidi. Ndege akimwonja mmoja hujifunza. Ukimbana kidogo kifuani huenda ukaona matone ya maji ya njano yakitoka. Wewe hakudhuru kwa kumshika, ila nawa mikono kabla ya kula, na usimwachie mtoto mdogo achezee na kutia vidole mdomoni.

Sasa mitego. Rangi ya chungwa yenye ukingo mweusi ni tangazo la sumu, na vipepeo wengi wanalitumia, wengine kwa haki na wengine kwa ulaghai. Anayeonekana sana ni Danaus chrysippus. Huyu ni mkubwa maradufu, upana wake hufika sentimita 7 au 8, na kifua chake cheusi kina nukta nyeupe. Ukubwa peke yake unatosha kumtenga. Jike la Hypolimnas misippus humwiga huyo Danaus kwa rangi ingawa yeye hana sumu. Dume lake ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe, wala huwezi kudhani ni mume na mke.

Wanaosumbua kweli ni ndugu zake wa karibu. Acraea serena ni mdogo, wa chungwa, na yuko kila mahali penye majani na vichaka kando ya barabara, kuanzia Kemondo mpaka Muleba mjini. Ukimwangalia vizuri, ukingo wake mweusi umepangwa vidoa vya rangi ya chungwa iliyopauka, kimoja baada ya kingine. Acraea encedon naye ni mkubwa kidogo, na baadhi yao wamejipaka rangi za Danaus, pembe nyeusi na mkanda mweupe. Viwavi wake hula Commelina, yale majani ya maua ya buluu yanayotambaa chini ya migomba.

Huyu encedon ana kisa ambacho siwezi kukiruka. Katika miaka ya 1960, Denis Owen, mwanabaiolojia aliyekuwa akifundisha Makerere, aligundua kwamba karibu na Kampala kulikuwa na makundi ya vipepeo hawa ambayo karibu wote ni majike. Jike likitaga, mayai mengi yanatoa majike matupu. Miaka mingi baadaye ilithibitika kwamba ndani ya majike hayo wanaishi bakteria wanaoitwa Wolbachia, wanaorithiwa kupitia mayai ya mama, nao huwaua watoto wa kiume wangali ndani ya yai. Majike hukusanyika vilimani kungojea madume ambayo hayatoshi. Ziwa letu, Victoria, ni lilelile, kwa hiyo ukiona kundi la encedon wanazunguka kilele cha kilima, usipite hivihivi.

Unaona basi kwamba kwa bawa peke yake, tena bawa lililochakaa au picha ya simu iliyotikisika, unaweza kubishana na mwenzako hadi jioni. Geuka sasa uangalie chini.

Geuza jani

Ingia kwenye matuta asubuhi, umande ukishakauka. Kama shamba si lako, piga hodi. Kilimo cha viazi katika Buhaya, nchi ya Wahaya, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya akina mama, na mama akikuta mtu asiyemjua ameinama kwenye matuta yake ana haki ya kuuliza. Msalimie, mwambie unatafuta nini. Aghlabu atakuonyesha mwenyewe, na atakueleza mambo ambayo kitabu hakina: tuta lipi lilianza kuliwa, na mwaka gani waliwahi kuwa wengi kuliko huu.

Usianze na majani yaliyotoboka. Matobo ya duara yaliyotapakaa mara nyingi ni kazi ya mbawakawa wadogo wanaong'aa, wenye umbo la kobe. Jani lililoliwa kwa mapande makubwa, na chini yake kinyesi kinene cheusi, tafuta kiwavi mmoja mkubwa, wa kijani au kahawia, mwenye pembe mkiani. Huyo ni Agrius convolvuli, na mwisho wake atakuwa nondo mkubwa wa usiku, si kipepeo. Yeye huishi peke yake.

Unachotafuta wewe ni kundi. Lishike jani kwa kikonyo bila kulichuma, ligeuze taratibu, kisha liangalie na upande wa juu, maana jike hutaga pande zote mbili. Mayai ni ya njano iliyopauka, kila moja chini ya milimita 1, yamepangwa ubavu kwa ubavu katika tabaka moja. Mara nyingi huwa 100 hadi 150 pamoja. Hakuna mdudu mwingine wa kawaida kwenye viazi vitamu anayekuachia mpangilio wa namna hiyo. Ukiwa na simu yenye kamera nzuri, piga picha ya karibu, kisha funga uzi wa rangi kwenye shina hilo ili ulitambue utakaporudi. Uzi mwekundu huonekana kwa mbali.

Baada ya wiki hivi mayai yanaanguliwa, na hapo ndipo inapotokea alama kuu. Viwavi wadogo hawatawanyiki. Wanabaki pamoja na kufuma utando mwepesi unaofunika majani mawili matatu, wakiyavuta yakaribiane. Ndani yake wanakwangua uso wa jani, na jani linageuka kahawia, linakauka, linakunjamana. Ukisimama mwisho wa shamba na kuangalia juu ya matuta, utando huo unaonekana kama doa la kahawia katikati ya kijani. Uende, uupasue kwa kijiti, utawakuta makumi kwa makumi wamelundikana. Wana rangi ya kijani iliyokoza kuelekea weusi, na mwili mzima umejaa miiba laini yenye matawi madogo. Inatisha kuiangalia lakini haiwashi. Hata hivyo, usifanye desturi ya kushika kiwavi usiyemjua, hasa wa manyoya, maana wapo wanaowasha kwelikweli. Kijiti kinatosha kwa wote.

Katika utando huo watakaa kama wiki mbili. Kisha mwenendo unabadilika ghafla, na hapa ndipo wengi hupotea njia. Viwavi wakikomaa huvunja kundi. Kila mmoja anajitegemea, anaacha kujionyesha mchana, anajificha ardhini chini ya majani makavu na madonge ya udongo, na usiku anapanda kula. Sasa hakwangui tena. Anakula jani zima na kuacha mishipa mikubwa. Mkulima anayekuja saa nne asubuhi anaona shamba limetafunwa na haoni mtafunaji. Ukitaka kuwaona, njoo na tochi baada ya saa mbili usiku, au mchana fukua kwa vidole kwenye kivuli cha tuta, sentimita chache tu.

Muda wa kugeuka ukifika, kiwavi huondoka kabisa kwenye kiazi. Hutafuta kitu kilichosimama: shina la mgomba, mti wa uzio, kigogo, ukuta wa nyumba. Hupanda, hujifunga kwa nyuma, huning'inia kichwa chini, na kuwa pupa wa njano iliyofifia. Kila mmoja hujitundika peke yake, lakini msimu wa wingi wakianza kupanda ukuta mmoja, watoto wa nyumba hiyo watakuwa na kisomo cha bure. Baada ya kama wiki moja kipepeo anatoka. Tangu yai hadi bawa ni kama mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, kutegemea joto. Kamachumu kwenye uwanda wa juu, ambako baridi ni zaidi, tegemea muda mrefu kuliko ufukweni.

Alikokuwa kabla ya viazi

Kiazi kitamu si cha Afrika. Kilitoka Amerika ya kitropiki na kikafika huku baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Kipepeo alikuwapo kabla. Alikuwa anakula nini? Alikula jamaa wa porini wa kiazi hichohicho, mimea inayotambaa ya ukoo wa Ipomoea yenye maua ya umbo la faneli. Kusini mwa Ethiopia watafiti wamemkuta kwenye Ipomoea cairica na Ipomoea tenuirostris. Ile ya kwanza utaitambua kwa jani lake lililogawanyika vidole vitano na maua ya zambarau, nayo hupenda kupanda juu ya uzio na vichaka. Mgeni alipofika na majani mengi, laini, yaliyopandwa mahali pamoja, kipepeo hakuhitaji kushawishiwa.

Kuhama kwa namna hii kumetokea kwingine pia, na mfano bora uko kwa ndugu zake wa Marekani. Katika familia hiyohiyo ya Nymphalidae kuna vipepeo wa rangi ya chungwa, nyeusi na nyeupe waliopangika kwa miraba, na watoto wao nao huanza maisha pamoja ndani ya utando. Mmoja wao, Euphydryas editha, amefuatiliwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford tangu mwaka 1960. Katika jimbo la Nevada, kundi moja la vipepeo hawa lilihamia kwenye Plantago lanceolata, gugu lililotoka Ulaya pamoja na ufugaji wa ng'ombe. Walistawi, wakaacha mmea wao wa asili kabisa. Kisha mwenye ranchi aliacha kufuga. Nyasi zikarefuka, zikalifunika gugu kwa kivuli, viwavi wakakosa jua, na kundi lote likafa. Watafiti Michael Singer na Camille Parmesan walikieleza kisa hicho mwaka 2018. Baadaye vipepeo wengine walirudi mahali pale, wakianzia kwenye mmea wa zamani.

Kwa mtafutaji wa Kagera, kisa hicho kina matumizi. Ukikuta shamba la viazi halina yai hata moja, usiandike kwamba kipepeo hayupo. Kagua uzio, kagua vichaka vya kando, tafuta Ipomoea ya porini ugeuze majani yake. Utakuwa pia umejua ni wapi anajihifadhi marando yanapokwisha.

Lini na wapi

Bukoba mvua haina adabu ya kungoja msimu. Ufukweni hunyesha karibu kila mwezi, na marando ya kijani huwapo mwaka mzima, kwa hiyo vipepeo wachache utawaona wakati wowote. Lakini wingi wao hupanda kiangazi kinapoanza. Kwa kalenda yetu, hiyo ni Januari baada ya vuli, na Juni baada ya masika. Hizo ndizo nyakati za kutoka na daftari. Ukielekea kusini na magharibi ya Muleba, mbali na ziwa, mvua hupungua na kiangazi huuma zaidi. Wakulima wa huko huhifadhi mbegu za marando mabondeni penye unyevu ili wapate cha kupanda mvua ikirudi. Anza bondeni. Kiangazi kikali hukusanya vipepeo kwenye majani machache yaliyobaki, na vishamba hivyo vya mbegu ndivyo vinavyokuwa mahali pao pa kuzaliana.

Jua likiwa juu, saa nne hadi saa nane, ndipo watu wazima huruka. Siku ya mawingu watakuwa wametulia kwenye nyasi, na hiyo ni nafasi nzuri ya picha.

Kumlea ndani ya chupa

Mwalimu wa shule ya msingi akitaka kufundisha hatua za ukuaji wa mdudu, asihangaike na mchoro ukutani. Achukue chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu, akate juu, atandike karatasi chini, aweke jani lenye utando pamoja na viwavi wapatao 10 tu, kisha afunike mdomo kwa kipande cha chandarua kikuukuu ambacho hakina dawa. Hapo pana tahadhari: vyandarua vingi tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na kipande chake kitakumalizia darasa lako usiku mmoja. Kitambaa chepesi cha pazia ni salama zaidi.

Majani yabadilishwe kila siku, yatoke kwenye shamba lisilopigwa dawa, na yasiwe na maji yanayotiririka. Kinyesi kitolewe, la sivyo ukungu utaingia na viwavi wataoza. Chupa ikae kivulini. Viwavi wakishakuwa wakubwa, waongezee kijiti kilichosimama cha kupandia. Kiwavi aliyeacha kula na kuzungukazunguka ukutani hana ugonjwa. Anatafuta mahali pa kuning'inia, mwache. Siku kipepeo akitoka, mabawa yake yatakuwa yamesinyaa na kulowa, na atadondosha matone ya maji ya rangi. Watoto watapiga kelele kwamba anatoka damu. Wasimguse. Akishakauka na kunyoosha mabawa, wampeleke nje.

Si kila kiwavi atakupa kipepeo, na hapo ndipo kuna somo zuri kuliko yote. Wengine watasinyaa, na kando yao utaona vifuko vidogo vya hariri. Baada ya siku chache vitatoka vinyigu vidogo vyeusi. Wengine watatoa nzi. Mama wa vinyigu hao alitaga mayai yake ndani ya kiwavi huko shambani, na watoto wakamla kutokea ndani. Hao ndio askari wa mkulima. Hesabu wangapi kati ya wale 10 wameuawa hivyo, uandike. Idadi hiyo inakueleza kama shamba linajilinda lenyewe au la.

Kuna watakaouliza kama vipepeo hawa wana soko. Gede, pwani ya Kenya, mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa kwa wakulima tangu 1993, na Amani kule Usambara walifanya biashara hiyo pia mpaka serikali yetu iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Lakini wanunuzi wanataka vipepeo wakubwa wa kupamba maonyesho. Kipepeo wa viazi hatakupa shilingi. Faida yake ni kumjua kabla hajakula.

Ukimkuta kwenye matuta yako

Usikimbilie dawa. Nasema hivyo kwa sababu tatu za kishamba kabisa. Kwanza, matembele unayachuma kwenye marando hayohayo, na dawa ya juzi utaila leo. Pili, dawa inaua vinyigu kwa wepesi kuliko inavyoua viwavi waliojificha udongoni mchana. Tatu, kiazi kina uwezo mkubwa wa kuchipua. Tuta lililokomaa likipoteza majani, litarudi. Hasara huwa kubwa marando yakiliwa yangali machanga, kabla hayajashika ardhi. Kwa kusema kweli, adui mkuu wa viazi vitamu ni fukusi anayetoboa kiazi chenyewe chini ya ardhi, na mtu anayepoteza usingizi kwa ajili ya kipepeo huku akiacha matuta yenye nyufa zinazompitisha fukusi amekosea hesabu.

Kazi inayolipa ni ya mikono, na ina wakati wake. Katika zile wiki mbili za utando, kundi zima la viwavi liko kwenye majani mawili au matatu. Yakate, yatumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni au yafukie kwa kina. Kwa dakika chache umeondoa mamia ya midomo. Kabla ya hapo, majani yenye mayai yafanye vivyo hivyo. Utando ukishaachwa mtupu, nafasi hiyo imepita, na kuwatafuta mmojammoja usiku ni kazi ya adhabu.

Kupanda mapema mvua inapoanza husaidia, kwani viazi huwa vimetanda na kukomaa kabla wingi wa vipepeo haujafika. Kuchanganya viazi na vitunguu kumeonekana kupunguza utagaji wa mayai. Na ukipewa mbegu na ndugu wa kijiji kingine, geuza kila rando kabla ya kulifunga mzigo wa baiskeli. Mayai husafiri nayo bila nauli.

Weka kumbukumbu. Tarehe, kijiji, mmea, kilichoonekana: mayai, utando, viwavi, pupa au kipepeo. Picha tatu zinatosha, moja ya jani, moja ya kiwavi, moja ya kipepeo akiwa amefungua mabawa. Ukiwa na intaneti, zipandishe kwenye iNaturalist, ambako wajuzi wa vipepeo wa Afrika hupitia picha za watu. Ukipata nafasi ya maktaba nzuri, tafuta kitabu cha Jan Kielland kuhusu vipepeo wa Tanzania, cha mwaka 1990. Na kama ni mlipuko unaotishia shamba, mwone bwana shamba wa kata, au chukua matawi yenye utando kwenye chombo kilichofungwa uyafikishe kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku, Bukoba Vijijini.

Basi Januari hii, au Juni, ukiona doa la kahawia juu ya tuta moja, kagua matuta yote ya jirani siku hiyohiyo. Majike hawatagi siku moja wote, na kila siku unayoahirisha kuna utando mwingine unafunguka na viwavi wanaingia ardhini.